Mwongozo kwa mameneja: Jinsi ya kuzungumza na mfanyakazi kuhusu mshahara

Na MWANDISHI WETU

KATIKA ofisi na viwanda vingi nchini, hakuna mazungumzo yanayoogopwa na mameneja kama yale ya mshahara. Meneja aliye hodari wa kutetea bajeti ya mamilioni mbele ya wakurugenzi hutafuta udhuru wa kutoka ofisini mara tu karani wake anapobisha hodi na kusema, "Bosi, nina jambo dogo kuhusu mshahara."

Aghalabu jibu huwa moja: "Tutaona."

Neno hilo ni fupi na linaonekana kuwa la upole. Hata hivyo, ndilo linaloharibu uhusiano wa kikazi kuliko jibu kali. Mfanyakazi hulichukua kuwa ahadi, ilhali meneja amelitumia kuahirisha. Miezi sita baadaye mmoja anadai deni ambalo mwenzake hakumbuki kulikopa.

Mtu mzima anaweza kustahimili "hapana" iliyo na sababu na tarehe ya kurejelea suala hilo. Asichoweza kustahimili ni jibu lisilo na mwisho. Mwongozo huu unaeleza mambo ambayo meneja anapaswa kuyajua kabla ya kikao, na namna ya kuyakabili mazungumzo magumu zaidi yanayotokea katika kazi za Kenya.

FUNZO LA MGOMO WA MADAKTARI

Taifa zima lilishuhudia gharama ya ahadi ya mshahara isiyotekelezwa. Mnamo Juni 2013, Serikali na chama cha madaktari zilitia saini mkataba wa makubaliano ya pamoja kuhusu mishahara na mazingira ya kazi.

Mkataba huo haukutekelezwa. Pakazuka mvutano kuhusu uhalali wake, kwa kuwa haukuwa umesajiliwa mahakamani. Mnamo Desemba 5, 2016, madaktari wa hospitali za umma waliweka chini vifaa vyao, na mgomo ukaendelea kwa siku 100 hadi katikati ya Machi 2017. Baadhi ya viongozi wa chama hicho walilala jela kwa kukaidi agizo la mahakama, na wagonjwa wasio na pesa za hospitali za kibinafsi ndio walioumia zaidi.

Kampuni yenye wafanyakazi 20 haiwezi kulinganishwa na wizara, lakini kanuni ni ile ile. Ahadi ni deni, na ahadi ya mshahara hutolewa tu na mtu aliyehakikisha kwamba pesa zipo, ana mamlaka ya kuzitoa, na taratibu zimefuatwa.

JUA SHERIA KABLA YA KUKETI

Meneja wengi huingia katika mazungumzo haya wakidhani kwamba mshahara ni hisani ya mwajiri. Sivyo. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inafafanua mambo kadhaa ambayo meneja hana budi kuyafahamu.

Kwanza, mwajiri anatakiwa kuwalipa sawa wafanyakazi wanaofanya kazi yenye thamani sawa. Mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, jukumu la kuthibitisha kuwa hapakuwa na ubaguzi ni la mwajiri.

Pili, mfanyakazi ana haki ya kupewa hati ya mshahara inayoonyesha malipo yake na kila kilichokatwa. Jumla ya makato haifai kuzidi thuluthi mbili za mshahara.

Tatu, masharti ya mkataba yanapobadilishwa, mwajiri sharti ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi.

Nne, kumfuta mtu kazi kwa sababu amewasilisha malalamishi dhidi ya mwajiri hakuhesabiwi kuwa sababu halali, isipokuwa ithibitike kwamba malalamishi hayo hayakuwa na msingi wowote.

Kuna pia agizo la kima cha chini cha mshahara. Agizo lililoanza kutekelezwa Novemba 1, 2024 liliongeza kima hicho kwa asilimia sita, na kibarua wa kawaida jijini Nairobi akawekewa Sh16,113.75 kwa mwezi. Juu ya kiasi hicho huongezwa marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, iwapo mwajiri hampi makao. Kabla ya kuzungumza na mlinzi, mtumishi wa usafi au tarishi, meneja ahakikishe kwamba analinganisha mshahara huo na agizo la karibuni zaidi. Ikiwa analipwa chini ya kima hicho, hapana la kujadiliana. Ni kurekebisha na kulipa kilichopungua.

MSHAHARA WA MKATABA NA WA MFUKONI

Malalamishi mengi ya miaka ya karibuni yametokana na jambo ambalo si meneja wala mfanyakazi aliyelisababisha. Mfanyakazi anasema, "Mmenipunguzia mshahara." Meneja anajibu, "Hatujagusa hata senti." Wote wawili wanasema kweli.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipwa Sh50,000 kabla ya makato. Mnamo Januari 2023 alikatwa Sh200 za Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, na Sh1,200 za bima ya afya ya NHIF. Baada ya kodi ya mapato, alikwenda nyumbani na takriban Sh41,450.

Kufikia mwaka wa 2025 mambo yalikuwa yamebadilika. NSSF ilikuwa inachukua asilimia sita, yaani Sh3,000. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ilikata asilimia 2.75, yaani Sh1,375. Ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 ilichukua Sh750. Ingawa kodi ya mapato ilipungua kwa sababu makato hayo huondolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa hesabu, mfanyakazi huyo alibaki na takriban Sh39,030.

Yaani mfuko wake ulipungua kwa karibu Sh2,400 kila mwezi ilhali mkataba wake haukubadilika. Katika kipindi hicho bei za bidhaa zilikuwa zimepanda. Mnamo Oktoba 2022 mfumko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.6.

Upande wa mwajiri nao una hesabu yake. Mwajiri hulipia NSSF na ada ya nyumba kiasi sawa na kile anachokatwa mfanyakazi. Kwa hivyo mtu yule yule aliyekuwa akimgharimu Sh50,200 mwanzoni mwa 2023 alikuwa akimgharimu Sh53,750 mnamo 2025. Mfanyakazi anapokea kidogo, mwajiri anatoa zaidi, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayefaidi.

Meneja mwenye busara huchukua hati mbili za mshahara, ya zamani na mpya, akaketi na mfanyakazi na kupitia mstari baada ya mstari. Kufanya hivyo hakuongezi hata shilingi moja, lakini huondoa shaka ya kuibiwa, na mtu asiyeshuku kuibiwa ni rahisi kuzungumza naye.

Lakini meneja asiishie kusema, "Ni makosa ya Serikali." Mfanyakazi hana namna ya kuinunulia familia unga kwa maelezo hayo. Akubali wazi kwamba hali imekuwa ngumu, kisha aeleze kile ambacho kampuni inaweza au haiwezi kufanya.

MATAYARISHO

Mazungumzo ya mshahara hayafanywi kwenye ngazi, kando ya mashine ya chai wala katika gari la kampuni. Mfanyakazi akikuvizia mlangoni, mwambie, "Jambo hili ni muhimu na sitaki tulizungumze tukiwa tumesimama. Tukutane Alhamisi saa nne." Kisha uiheshimu Alhamisi hiyo.

Kabla ya siku yenyewe, meneja awe na majibu ya maswali haya:

- Mfanyakazi huyu analipwa kiasi gani, na ameongezwa mara ngapi tangu aajiriwe?

- Kazi anayofanya sasa ni ile iliyo kwenye mkataba wake, au majukumu yameongezeka?

- Wenzake wanaofanya kazi kama yake wanalipwa vipi? Kama kuna tofauti, sababu yake inaweza kuelezwa bila aibu?

- Mimi nina mamlaka ya kuamua nini? Lipi linahitaji mkurugenzi au bodi?

- Bajeti ya mwaka ujao inaandaliwa lini?

Swali la mamlaka ndilo linalosahaulika zaidi. Meneja asiyekuwa na uwezo wa kuongeza mshahara hana haja ya kujifanya anao. Aseme, "Uamuzi huu si wangu. Wangu ni kuandika pendekezo, nami nitaliandika kabla ya Ijumaa." Mfanyakazi atamheshimu kuliko yule anayejifanya mkuu kisha akashindwa.

PESA ZINAPOKOSEKANA

Mara nyingi mfanyakazi huja na mahitaji yake: karo ya Januari, kodi ya nyumba, mzazi anayelazwa hospitalini kijijini. Meneja wengine hukatiza na kusema kwamba kampuni hailipi watu kulingana na shida zao. Ni kweli, lakini kuisema kweli hiyo mapema hivyo ni kumvunjia mtu heshima.

Msikilize kwanza hadi amalize. Kisha mwelekeze kwenye kazi yenyewe: "Nimekuelewa. Sasa nisaidie kuandika yale unayoyafanya leo ambayo hukuwa ukiyafanya ulipoajiriwa." Hoja ya mahitaji itamfanya mkurugenzi asikitike. Hoja ya kazi itampa sababu ya kutia saini.

Ikiwa jibu ni hapana, litolewe waziwazi, mapema katika mazungumzo, na kwa sababu ya kweli. Mfano ni huu: "Mwaka huu hakutakuwa na nyongeza kwa mtu yeyote katika idara yetu, kwa sababu mauzo yameshuka. Nitalirejesha suala lako bajeti itakapoandaliwa mwezi wa Aprili, na Mei tutaketi tena hapa."

Kuna maneno ambayo meneja ajiepushe nayo. Asiseme "shukuru Mungu una kazi," kwani hiyo ni kejeli. Asiseme "hata mimi sijaongezwa," kwani anayelipwa mara nne zaidi hafarijiki na mwenzake anayelipwa robo. Asiseme "wengi wanaitafuta nafasi yako nje," kwani hayo ni matisho, na anayetishwa huanza kutafuta kazi kwingine siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine kuna mambo mengine yanayoweza kutolewa: mafunzo yanayolipiwa na kampuni, zamu isiyomlazimu mtu kutumia nauli ya usiku, au cheo kinacholingana na kazi anayofanya. Haya yatolewe kama msaada wa kweli, wala yasitumiwe kumziba mtu mdomo. Cheo kipya kisichokuwa na mshahara wala tarehe ya kuufikiria mshahara huo ni mzigo zaidi.

"MWENZANGU ANALIPWA ZAIDI YANGU"

Hili ndilo zito kuliko yote. Siri ya mishahara haikai, na lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.

Kosa la kwanza ni kumuuliza mfanyakazi, "Nani amekuambia?" Swali hilo hugeuza kikao kuwa uchunguzi, na humthibitishia kwamba aliyoyasikia ni ya kweli. Kosa la pili ni kukanusha jambo ambalo hujalichunguza. Kosa la tatu ni kuanza kueleza mshahara wa yule mwingine, jambo linaloweza kumwingiza meneja taabani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jibu linalofaa ni kusema: "Sitazungumzia mshahara wa mtu mwingine, kama ambavyo sitamweleza mtu wako. Lakini nitachunguza kama mshahara wako unalingana na kazi yako na na wa wenye kazi kama hiyo hapa. Nitakupa jibu katika wiki mbili."

Kisha achunguze kwa dhati. Tofauti inaweza kuwa halali: miaka ya kazi, taaluma, zamu za usiku au jukumu la kusimamia wengine. Inaweza pia kuwa dhuluma iliyojificha, hasa pale mwanamke aliyeajiriwa kitambo anapolipwa chini ya mwanamume aliyekuja juzi kwa sababu tu huyo wa juzi aliweza kuvutana bei wakati wa mahojiano. Ikigunduliwa hivyo, dawa ni kurekebisha, si kutafuta sababu baada ya tukio. Kumbuka kwamba mbele ya Mahakama ya Ajira na Leba, mwajiri ndiye atakayetakiwa kueleza.

ANAPOKUJA NA BARUA YA KAMPUNI NYINGINE

Mfanyakazi anayeweka mezani barua ya kazi kutoka kwingine hastahili kuitwa msaliti. Huenda ndiye aliyeambiwa "tutaona" mara tatu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Meneja amuulize jambo moja tu: je, kama si mshahara, ungependa kubaki? Ikiwa shida ni mkubwa wake wa karibu, masaa marefu au kukosa kupanda cheo, pesa hazitamzuia kwa muda mrefu. Ikiwa ni mshahara peke yake, meneja aeleze kiasi anachoweza kupendekeza na siku atakayopata jibu, kisha amwache aamue bila kinyongo.

Jambo la hatari ni kumwongeza yule aliyekuja na barua na kuwanyima wenzake wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa uaminifu. Habari hizo zitaenea, na kila mtu atajifunza kwamba katika kampuni hii nyongeza hupatikana kwa vitisho pekee.

MSHAHARA UNAPOCHELEWA AU KUPUNGUZWA

Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipoingia nchini, waajiri wengi walipunguza mishahara. Wapo walioketi na wafanyakazi wao, wakawaonyesha hesabu na kukubaliana kwa maandishi kuhusu kiwango na muda. Wapo pia waliotuma ujumbe mfupi usiku wa kuamkia siku ya malipo. Makundi hayo mawili yalikuwa na shida moja ya pesa, lakini hayakubaki na uaminifu sawa wa wafanyakazi.

Meneja anayelazimika kuomba wafanyakazi wakubali kupunguziwa azingatie mambo manne: aeleze sababu kwa takwimu zinazoeleweka, aseme kupunguzwa huko kutadumu hadi lini, aeleze kama kilichokatwa kitalipwa baadaye, na aonyeshe kwamba wakubwa wameanza na mishahara yao. Kisha kila mfanyakazi apewe barua na nafasi ya kuisoma kabla ya kutia saini.

Ikiwa njia iliyobaki ni kupunguza wafanyakazi, sheria inataka ilani ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na anayeondoka alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Meneja asilitumie jambo hilo kama fimbo ya kuwatisha watu wakubali kukatwa.

Kuhusu kuchelewa, kanuni ni moja: mfanyakazi apate habari kutoka kwa meneja kabla hajaipata kwenye mashine ya benki. Anayejua tarehe 25 kwamba mshahara utaingia tarehe 7 anaweza kuzungumza na mwenye nyumba. Anayegundua tarehe mosi hana la kumwambia. Na kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa, tarehe itakayotajwa iwe ile ambayo mhasibu ameithibitisha.

UMRI NA HESHIMA

Siku hizi si ajabu kumpata meneja wa miaka 30 akimsimamia dereva wa miaka 55. Kwa mzee huyo, kuomba pesa kwa mtu wa rika la mwanawe ni kazi nzito. Mara nyingi ataanza mbali, aulizie familia, ataje mvua, kisha aguse shida yake kwa mafumbo.

Meneja asimharakishe. Amwite "mzee" kama walivyozoea, ampe kiti, na amsaidie kulisema lile lililomleta: "Mzee, nahisi kuna jambo la mshahara. Tulizungumze bila wasiwasi." Heshima hiyo haipunguzi mamlaka ya meneja. Hata hivyo, isiwe kisingizio cha kukwepa jibu. Mzee naye anastahili "ndiyo" au "hapana" iliyo wazi.

PANAPOKUWA NA CHAMA

Katika kampuni ambayo chama cha wafanyakazi kimetambuliwa, mishahara ya wanachama huamuliwa kupitia mkataba wa makubaliano ya pamoja. Meneja asifanye mapatano ya pembeni na mtu mmoja yanayokinzana na mkataba huo. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, mwajiri anatakiwa kukipa chama habari zinazohitajika ili mashauriano yawe na maana. Kuficha hesabu kisha kulalamika kwamba chama kinadai mno ni kujipinga mwenyewe.

BAADA YA KIKAO

Yaliyozungumzwa yaandikwe siku hiyo hiyo. Mistari mitano yatosha: kilichoombwa, kilichojibiwa, sababu, nani atafanya nini, na tarehe ya kukutana tena. Nakala moja abaki nayo mfanyakazi.

Tarehe hiyo ikifika na meneja bado hana jibu, amwite mfanyakazi yeye mwenyewe amweleze hivyo. Asingoje kuulizwa. Mfanyakazi akiitwa, hata kwa habari isiyopendeza, hujua kwamba hajasahauliwa. Akilazimika kuuliza mara ya pili na ya tatu, hujiona kuwa mwombaji katika kazi anayoifanya kwa jasho lake.

Meneja hawezi kumpa kila mtu anachokitaka, wala hatarajiwi kufanya hivyo. Kile anachoweza kumpa kila mfanyakazi, hata katika mwaka mbaya zaidi wa biashara, ni jibu la kweli, sababu yake, na siku ya kulizungumza tena.